BAISKELI KUUKUU YAWEZA KUWA YA RAHA MJINI

(Maneno ya ndugu mmoja wa karakana ya reli, Nairobi, aliyoyasema mbele ya mkutano wa tawi. Kamati imeyapiga chapa ili wanachama waliokuwa zamu siku hiyo nao wayasome.)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya baiskeli. Najua wengine wenu mlitumaini kusikia habari za mishahara, na hizo Bwana Katibu atazisema baadaye. Lakini hata hii ninayoileta ni habari ya mshahara, maana mshahara wa mtu si ule unaoandikwa katika karatasi ya malipo, bali ni ule unaobaki baada ya kulipa nauli. Tuseme mtu hulipa shilingi 100 kila siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 31,200. Tena hapo sikuhesabu siku za mvua, ambazo nauli hupanda kabla mawingu hayajakaa sawa. Kila mmoja wenu aandike hesabu yake mwenyewe akifika nyumbani.

Sasa jambo la kushangaza ni hili. Katika nyumba nyingi tunazokaa iko baiskeli iliyoegemezwa ukutani, matairi yamelala, kuku wamefanya kiti kuwa kitanda chao. Ukimwuliza mwenyewe kwa nini haendi nayo kazini, hasemi kwamba imevunjika. Husema, "Inanichosha. Inaniumiza mgongo. Nafika na matope hadi shingoni." Basi neno langu la leo ni hili moja: baiskeli haiachwi kwa sababu ni kuukuu, huachwa kwa sababu inaumiza. Na maumivu hayo, sehemu yake kubwa, huondoka kwa spana na kipimo kabla hujatoa hata senti dukani.

1. TUJUE TULICHO NACHO

Baiskeli zetu za bei nafuu ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile nyeusi tunayoiita Black Mamba. Mtindo wake ulitoka Uingereza, na viwanda vya India na China vimeitengeneza kwa wingi sana. Fremu yake ni ya chuma, magurudumu ni ya inchi 28, na breki zake huvutwa kwa vyuma virefu badala ya waya. Ni nzito, yapata kilo 20, lakini iliumbwa kwa mtu anayekaa wima, na uma wake wa mbele umeinama ili kupunguza mtikisiko wa njia mbaya. Kwa hiyo raha imo ndani yake tayari. Kazi yetu ni kuitoa.

Ya pili ni ile ya mitumba, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanda milima huko Ulaya. Ina magurudumu ya inchi 26, gia nyingi, matairi yenye meno, na usukani ulionyooka unaomfanya mtu ainame kama anayetafuta sindano. Ikiwa wachagua moja sokoni, chagua yenye fremu ya chuma na uma mgumu wa kawaida. Zile za bei ndogo zenye springi mbele na nyuma hupendeza macho, lakini ni nzito, na nguvu ya miguu yako hupotea katika kuzibonyeza springi.

Kabla ya yote, kagua. Sisi wa reli twajua kwamba treni haiondoki mpaka breki zijaribiwe, na twakumbuka habari za wale waliokuwa wakipiga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza kama yana ufa. Fanya vivyo hivyo. Tazama viungo vya fremu, hasa chini ya shingo na penye pedali. Tazama uma kama umepinda. Vuta spoki moja moja kwa kidole: iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza. Fremu yenye ufa iache kabisa, maana kiti kizuri hakiponyi chuma kilichopasuka. Na unaponunua kwa mtu, daka risiti au andikishaneni mbele ya shahidi, usije ukanunua machozi ya mfanya kazi mwenzako.

Msifikiri kubadilisha baiskeli ni jambo geni. Ndugu zetu wa Busia walipoanza kubeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka katika miaka ya 1960, kazi iliyoleta jina la bodaboda, hawakungoja kiwanda kiwatengenezee baiskeli ya abiria. Walichukua zile nyeusi, wakashona mto juu ya karia, na abiria akakaa. Walijua kwamba abiria akiumia leo, kesho hapandi. Na wewe ni abiria wa baiskeli yako mwenyewe.

2. KIPIMO KWANZA, PESA BAADAYE

Anza na kiti. Egemea ukuta, kaa juu ya baiskeli, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Kisha ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyopasa, goti litakunjika kidogo tu. Wengi wetu hukaa chini mno kwa sababu tunataka kufikisha nyayo zote mbili ardhini. Ndiyo maana magoti huuma na mlima mdogo huwa kama Ngong. Kwa mjini, penye kusimama mara nyingi, inatosha ncha za vidole zifike chini.

Kiti kiwe sawa kama meza. Pua yake ikitazama juu, itakuumiza. Ikitazama chini, utateleza mbele na uzito wote utaangukia mikono. Tena fahamuni sheria hii: anayekaa wima huweka uzito wake juu ya makalio, basi ahitaji kiti kipana chenye springi, anayeinama hugawa uzito na mikono, naye hufaa kiti chembamba. Kwa hiyo ukiinua usukani wa ile ya mitumba, kiti chake chembamba kitaanza kukuuma, nawe utafute kipana. Kiti cha ngozi kilicholegea usikitupe. Chini ya pua yake mna nati ya kukaza ngozi. Ikaze kidogo kidogo, na siku ya mvua kifunike kwa mfuko.

Sasa usukani. Kwa mjini, mahali pa kushika pawe sawa na kiti au juu yake kidogo, ili uone magari bila kuinua shingo kama kobe. Katika baiskeli nyingi za zamani shingo ya usukani ina bolti juu. Ilegeze mizunguko michache, usiitoe; weka kipande cha mti juu yake, ugonge kwa nyundo mpaka kabari iliyo ndani iachie. Hapo utainua. Lakini usipite alama iliyochorwa. Na kama alama haionekani, acha angalau inchi mbili na nusu zibaki ndani. Shingo iliyotolewa mno hukatika, nayo haikatiki ukiwa umesimama.

Mwenye Black Mamba asikilize kwa makini. Breki za vyuma zimefungwa pamoja na usukani. Ukiinua usukani bila kulegeza vifungo vya vyuma vile, utavuta breki au kuvipinda. Vilegeze kwanza, inua, vipime upya, vikaze, kisha jaribu breki ukiwa umesimama, halafu polepole penye njia tupu. Usiende barabarani kabla ya hayo.

Baadhi ya zile za mitumba za miaka ya karibuni hazina shingo ya kuinuliwa namna hiyo. Dawa yake ni kununua usukani uliopinda kuja kwako, kama ule wa Black Mamba. Chukua ule wa zamani uende nao dukani, wakupimie unene wa pale panapobanwa, maana si zote zilizo sawa. Jua pia kwamba nyaya za breki na za gia huenda zikawa fupi. Ongeza hizo katika hesabu yako.

Mpaka hapa mwenye Black Mamba hajalipa kitu, naye tayari ana baiskeli nyingine.

3. KINACHOZUNGUKA KIZUNGUKE VIZURI

Mwaka 1888 Bwana John Boyd Dunlop huko Belfast alipata hati ya mpira wa gurudumu unaojazwa upepo. Tangu siku hizo upepo ndio springi ya bei rahisi kuliko zote, nasi twaudharau. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiasi cha upepo. Usizidishe, wala usiende na tairi laini, maana hula nguvu zako na rimu hukata mpira wa ndani penye mashimo. Mwenye matairi ya meno, yakiisha, asinunue ya meno tena. Katika lami yale meno hunguruma na kuzuia tu. Nunua yenye mgongo laini na unene wa kutosha. Hayo hukimbia na tena hulainisha njia.

Hapa wengi hupoteza pesa, basi andikeni. Tairi la 26 x 1.75 na tairi la 26 x 1¾ si kitu kimoja, ingawa hesabu ya shuleni yasema ni sawa. Rimu zake ni mbali mbali, na moja halikai mahali pa jingine. Tazama namba ya pili iliyo ubavuni. Zile za kupanda milima za inchi 26 huandikwa 559, kwa mfano 47-559. Black Mamba ya 28 x 1½ huandikwa 635. Ziko nyingine ziitwazo 28 ambazo ni 622. Nenda dukani na namba hiyo, usiende na jina.

Kisha gololi. Inua gurudumu, lizungushe, usikilize. Likikwaruza kama mtu anayesaga mahindi, ndani mna vumbi na grisi iliyokauka. Fungua, osha kwa mafuta ya taa, hesabu gololi za kila upande kabla hazijapotea, nunua za kipimo kile kile, weka grisi mpya. Bei yake ni ndogo, na faida yake utaijua mlima wa kwanza. Kaza kiasi cha kuondoa mchezo, lakini gurudumu lizunguke lenyewe. Ukifungua pedali, kumbuka kwamba ile ya kushoto hufunguka kinyume cha desturi, kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Na ukitoa kotapini kwa nyundo, weka gogo au chuma kizito chini ya mkono wa pedali, pigo lisiangukie gololi.

Mnyororo hupimwa kwa rula. Kutoka pini moja hesabu vipande 24: ukiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ukifika inchi 12 na moja ya nane, umekwisha. Ubadilishe kabla haujala meno ya gia. Mnyororo ulio mzima upanguse kwa kitambaa, tia oili kidogo, pangusa tena. Oili ikizidi hukusanya mchanga tu. Kwenye baiskeli isiyo na gia nyingi, mnyororo uwe na mchezo wa kama nusu inchi katikati.

Mwisho wa fungu hili ni siri ya milima. Black Mamba nyingi huwa nzito kuanza kwa sababu ya meno. Tuseme mbele ina meno 44 na nyuma 18: kila unapozungusha pedali mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Badilisha friwili ya nyuma iwe ya meno 22, nalo litazunguka mara mbili kamili. Mwendo wa mwisho utapungua, lakini mjini nani akimbiaye? Kila penye taa za barabarani utaondoka kwa wepesi, na kilima utakipanda ukiwa umeketi. Mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa kipande. Mwambie fundi mapema.

4. BREKI NA TAA

Raha ya kwanza ya mjini ni kujua kwamba utasimama. Breki zote mbili zifanye kazi, si moja. Raba za breki zilizokuwa ngumu kama mfupa zitupwe. Rimu za chuma zikilowa hushika vibaya sana, basi siku ya mvua anza kugusa breki mapema ili raba ifute maji, na acha nafasi ndefu zaidi mbele yako. Futa rimu kwa kitambaa kila juma; oili isiziguse kamwe. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi penye mvua. Siku gurudumu lako la mbele litakapokufa, jitahidi kupata ya namna hiyo, lakini hakikisha inapatana na breki ulizo nazo.

Juu ya taa nitasema kwa uzito, maana nusu yetu hapa huenda zamu ya usiku. Mwenzetu mmoja aligongwa na gari kutoka nyuma saa moja jioni, akirudi nyumbani bila taa. Dereva alisema hakumwona, nami naamini alisema kweli. Mguu ulivunjika, akakaa miezi minne nyumbani, na watoto wake walitulia kwa mchango wa wenzake. Taa ndogo nyekundu ya nyuma haishindi nauli ya siku chache. Dinamo ya zamani ya volti 6 na wati 3 ingali yafaa, ila huzimika unaposimama; basi ongeza taa ya betri nyuma, na kioo chekundu kinachorudisha mwanga. Mbele weka nyeupe. Kengele nayo iwepo, iwe na sauti.

5. KUFIKA MSAFI

Mtu akifika kazini na mstari wa matope mgongoni, kesho atarudi katika matatu. Madigadi mbili ndefu ndizo zinazoleta tofauti kati ya baiskeli ya mchezo na baiskeli ya mfanya kazi. Ya mbele ongeza kipande cha mpira chini, kilichokatwa katika tairi kuukuu, kifike karibu na ardhi. Viatu vyako vitashukuru. Kinga ya mnyororo yaweza kukatwa katika bati na fundi yeyote wa Gikomba au Kamukunji, mradi kingo zikunjwe zisikate suruali.

Mzigo ubebwe na karia, si mgongo. Begi la mgongoni hutoa jasho na kuinua uzito juu. Ndani ya kikapu au boksi lililofungwa kwenye karia, chakula cha mchana na koti la mvua hukaa vizuri. Stendi imara ya miguu miwili husaidia unapopakia.

Na dada zetu wasisahauliwe. Iko fremu isiyo na bomba la juu, na wengine huiita ya kike kwa dharau. Ndugu zangu, hiyo ndiyo ifaayo mjini kwa kila mtu, maana mwenye sketi, mzee, na mwenye mzigo nyuma wote hupanda na kushuka bila kurusha mguu. Kando ya gurudumu la nyuma funga wavu wa nyuzi au kitambaa kigumu, nguo ndefu isiingie katika spoki.

6. MPANGO WA MIEZI MITATU

Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna anayeambiwa afanye yote kwa mshahara mmoja.

Mwezi wa kwanza: ukaguzi, kipimo cha kiti na usukani, upepo, oili, raba za breki, na taa ya nyuma. Hapo uanze kwenda nayo siku mbili kwa juma, ukiweka kando nauli ya siku hizo katika mkebe.

Mwezi wa pili: kwa pesa ya mkebe nunua gololi, grisi, madigadi na taa ya mbele.

Mwezi wa tatu: friwili, na mnyororo kama umekwisha, kisha kiti, na matairi yanapoisha. Hivyo baiskeli yajitengeneza kwa nauli ambayo ungaliitoa mlangoni mwa matatu.

Wala msianze na rangi. Rangi ni ya mwisho. Tena rangi mpya humwita mwizi. Uchakavu wa nje na uzima wa ndani ni ulinzi mzuri. Ukifunga, funga fremu pamoja na gurudumu, kwenye chuma kilichozikwa ardhini.

7. NENO LA CHAMA

Mambo matatu nayaacha mbele ya mkutano.

Kwanza, tawi linunue sanduku moja la vyombo: spana za vipimo vyote, pampu nzuri, viraka, na chombo cha kukatia mnyororo. Mtu mmoja hawezi kununua vyote kwa ajili ya kazi ya mara mbili kwa mwaka, lakini watu hamsini hawaoni uzito.

Pili, tuombe waajiri mahali penye paa, chuma cha kufungia, na mlinzi anayeona. Gari la meneja lina kivuli chake. Baiskeli ya mwenye zamu ya usiku huegemezwa penye takataka. Na kwa wakuu wa mji tuseme vile vile. Barabara ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 ilikuwa na njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera yake juu ya wasafiri wa namna hiyo. Kwa hiyo hatuombi jambo geni. Twaomba lililokwisha andikwa lifike na katika njia za kwenda viwandani.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Asitokee mwajiri wa kusema, "Kwa kuwa sasa mna baiskeli, posho ya nauli haina haja." Baiskeli tumeitengeneza kwa jasho letu baada ya saa za kazi. Anayetoka mbali, aliye mgonjwa, mama mja mzito, na anayemaliza zamu saa nane ya usiku, hao wahitaji usafiri, na madai yetu juu yao yabaki pale pale. Baiskeli ituongezee nguvu ya kudai, isiwe sababu ya kupunguziwa.

Jumamosi ijayo, saa tisa mchana, nitakuwa nyuma ya ofisi ya tawi na spana zangu. Aliye na baiskeli iliyolala na kuku ailete kama ilivyo. Tutaanza na kisigino juu ya pedali.